Sikulia Mimi

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko lake, Tandika, simu mkononi, nikimsomea insha niliyoiandika juu yake. Yeye alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele wa vitumbua vya kesho. Kila nilipofika mahali nilipodhani pangemuuma nilishusha sauti, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Nilipomaliza akapeta ungo mara mbili, akapuliza makapi, kisha akasema:

"Nzuri. Ila sikulia mimi."

Nikamwambia alilia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimelala nyuma ya pazia, na nilimsikia kwa masikio yangu.

"Sikulia," akarudia, bila hasira. "Usiku ule niliroweka mchele, nikalala. Uliyemsikia hakuwa mimi."

Sentensi ya kulia ndiyo iliyobeba insha nzima. Mhariri wa jarida lililoikubali aliniandikia kuisifu hiyo hiyo. Ilikuwa insha yangu ya kwanza kukubaliwa baada ya miaka mitatu ya kutuma na kukataliwa, au kutuma na kutojibiwa kabisa. Ilikuwa imebaki wiki moja itoke. Nilikwenda Tandika kumsomea mama mdogo kama mtu anayepeleka zawadi, na kwa siri ya moyo wangu nilitegemea atoe chozi.

Insha yenyewe ilihusu mkopo. Mwaka 2018 nilichaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Iringa. Aliyewahi kupokea fomu ya kujiunga anaijua ile orodha: godoro, shuka mbili, blanketi, ndoo, sare, viatu vyeusi, madaftari, michango, nauli. Mama mdogo, aliyenilea tangu nina miaka sita, hakuwa na fedha hiyo. Akaingia kikundi cha wanawake watano, kila mmoja akiwa mdhamini wa mwenzake, wakachukua mikopo ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Marejesho yalikuwa kila Jumatatu. Kwa miezi mitano alilipa. Mwezi wa sita akaugua, wiki tatu hakukaanga kitu, na ile biashara ya kitumbua cha shilingi mia mbili mia mbili ikasimama. Desemba, nikiwa nimerudi likizo, wakaja watu na pikapu wakabeba televisheni, feni na kabati la vyombo.

Niliogopa angesema, kwa nini umetangaza deni langu? Hakujali hata kidogo. "Tandika nzima imekopa kausha damu," alisema. "Wasomaji wako wenyewe wamekopa." Alichokataa ni lile chozi. Na baada ya kulikataa, akasimamisha mikono juu ya ungo, akaniuliza swali ambalo sijamaliza kulijibu mpaka leo.

"Na yule mama wa chumba cha pili, yeye ulimwomba?"

Katika insha ile kulikuwa na mtu wa tatu. Alikuwa jirani yetu na mmoja wa wale wanawake watano, na kwa sababu mama mdogo alishindwa kulipa, jambo fulani lilimfika. Nililiandika kwa aya tatu. Zilikuwa aya nzuri. Nasema hivyo bila unyenyekevu, kwa sababu wenzangu waliozisoma walisema hivyo na mhariri akasema hivyo. Nilikuwa nimembadilisha jina nikadhani nimemsitiri. Lakini nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, na kila aliyewahi kukaa mle angejua chumba cha pili alikaa nani.

"Sikumwomba," nikasema. "Alishahama. Na wewe si umekubali?"

"Nimekubali yangu."

*

Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi ya Kiswahili, hapa Dar es Salaam. Jumamosi alasiri tunakutana watu sita, chini ya mti karibu na maktaba, kusomeana kazi zetu. Hakuna kati yetu anayeishi kwa kalamu, ila wote tunaishi karibu na kalamu. Mmoja anafundisha tuisheni ya kidato cha nne. Mmoja anatafsiri matangazo ya kampuni za simu. Mmoja anawasahihishia wenzake tasnifu, kwa bei inayopanda kila tarehe ya mwisho inapokaribia. Mimi nahariri vitabu vya kiada kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Tunapeana habari za tuzo: ile ya Safal-Cornell, ile ya Mwalimu Nyerere. Tunapeana anwani za majarida, na kila mmoja anajua mwenzake amekataliwa mara ngapi.

Swali letu la kila wiki, hata tukilizunguka, ni lile lile: mtu anakuwa mwandishi lini? Akichapishwa? Akilipwa? Wengine wanasema ukishaandika umekuwa, basi, na wanaosema hivyo mara nyingi ndio ambao bado hawajachapishwa. Tunajifariji kwa historia. Shaaban Robert alikuwa karani katika utumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia forodhani, na vitabu aliviandika kando ya kazi hiyo. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, hapa na baadaye Botswana. Abdulrazak Gurnah alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka arobaini, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2021. Mwaka uliofuata tukapata kuisoma *Peponi* kwa Kiswahili. Tukihesabu miaka hiyo tunapumua. Bado tuna muda.

Lakini muda si mtaji. Anayeanza kuuza vitumbua anahitaji mchele, nazi, mafuta, mkaa na kikaango. Anayeanza kuandika anahitaji nini? Hatuna nauli ya kwenda kukaa miezi mitatu Kigoma tukachunguze maisha ya wavuvi. Hatuna mtu wa kutulipa mwaka mzima tukae kimya tuandike riwaya. Tulichonacho bure ni nyumba tulizokulia. Tunamjua mama alivyoachwa, baba alivyokunywa, mjomba alivyofungwa, dada alivyotoa mimba. Na bahati mbaya, au nzuri, majarida yanaupenda huo uchungu. Kila warsha ya uandishi niliyowahi kuhudhuria iliniambia niandike kile kinachoniogopesha. Hakuna iliyoniuliza kama kinachoniogopesha ni changu.

Ndipo nilipoanza kuona kwamba na sisi tunakopa. Tunachukua kwa watu walio karibu nasi malighafi ambayo hatukuilipia, na anayeweka dhamana ni mtu mwingine. Insha ikifaulu, jina linalopanda ni langu. Ikileta aibu, haitagonga mlango wangu mimi niliyehamia karibu na chuo. Itagonga chumba cha pili.

*

Jambo lililoniumiza zaidi nililigundua wiki hiyo hiyo, nikijaza fomu za tasnifu yangu. Utafiti wangu unahusu watambaji wa hadithi, na ili nizungumze na bibi mmoja kwa dakika ishirini juu ya hadithi za sungura, chuo kinanidai kibali cha utafiti na fomu ya ridhaa. Fomu inaeleza kwamba mtafitiwa ana haki ya kukataa kujibu, ana haki ya kujitoa wakati wowote, jina lake litafichwa, na akitaka atapewa nakala. Asiyeweza kusoma asomewe kwa sauti kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Nimezoea kuzilalamikia fomu hizi. Tunaziita karatasi za kumfurahisha msimamizi.

Sasa nikajiuliza: bibi nisiyemjua, ambaye nataka kwake hadithi ya sungura tu, nampa haki zote hizo. Mwanamke aliyenilea, ambaye nataka kwake usiku mbaya kuliko wote wa maisha yake, sikumpa hata moja. Na huyo jirani je?

Mtu anaweza kujibu kwamba utafiti ni utafiti na sanaa ni sanaa. Fomu zililetwa kwa sababu watafiti waliwahi kuwaumiza watu kwa jina la elimu. Ni kweli. Lakini sioni kwa nini maumivu yanayoletwa kwa jina la fasihi yawe mepesi. Ikiwa kuna tofauti, inaelekea upande mwingine: tasnifu yangu itasomwa na watu watatu, na wawili kati yao wanalipwa kuisoma. Insha itafunguliwa na yeyote mwenye simu.

*

Jumamosi iliyofuata nililipeleka swali kwa wenzangu. Aliyenijibu kwa ukali alikuwa rafiki yangu mmoja ambaye namheshimu kuliko wote kwa kazi yake. Yeye ameandika juu ya baba yake na mkono wa baba yake. Aliniuliza kama nataka akamwombe baba ruhusa.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Ukisubiri kila mtu akuruhusu, utaandika juu ya maua. Na hata maua yana mwenye bustani."

Alikuwa na haki, na hoja yake ina mizizi mirefu katika sanaa yetu. Siti binti Saad, msichana wa Fumba aliyeuza vyungu na ambaye hakusoma shule, aliimba habari za watu halisi wa Unguja. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke aliyekuwa ametoka Dar es Salaam, na jina la wimbo ni jina la mtu. Hakuna aliyemwendea Kijiti kumwomba ridhaa. Inasimuliwa kwamba Kijiti alitoroka, na walioadhibiwa wakawa wanawake. Wimbo ukafanya kile ambacho mahakama haikukifanya: ukamtaja. Mpaka leo, karibu miaka mia baadaye, anatajwa.

Kezilahabi naye alipotoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, alikiweka kisa chake Ukerewe, kisiwa alikozaliwa, akaandika juu ya baba anayempiga binti yake na jamii inayompoteza. Kitabu kilizua mzozo, kikazuiwa kwa muda kusomwa shuleni. Wapo waliosema amevua nguo mambo yanayopaswa kufunikwa. Tukisema mwandishi asiguse lisiloruhusiwa, tunawapa ushindi wote wanaotegemea kimya. Katika familia nyingi neno stara hutamkwa kwa sauti kubwa zaidi na yule mwenye kitu cha kuficha.

Kwa hiyo sikuweza kumwambia rafiki yangu amekosea. Nilirudi chumbani na hoja yake, nikalala nayo, na asubuhi nikaona tofauti kati yetu iko wapi. Kimya juu ya baba yake kinamlinda aliyepiga. Kimya juu ya jirani yetu kinamlinda aliyepigwa. Siti alipomtaja Kijiti, alikuwa mnyonge anayemtaja mkosaji mwenye nguvu ya kutoroka. Mimi nilipomweka jirani yetu kwenye aya zangu tatu, mwenye nguvu kati yetu nilikuwa ni mimi. Mimi ndiye niliyesoma kwa fedha ya mkopo ule ule. Mimi ndiye niliyejua jarida liko wapi. Yeye hakuwa amemkosea mtu yeyote. Alitia dole gumba kwa ajili ya jirani yake, basi.

Nilipomweleza mama mdogo hoja ya *mficha uchi hazai*, aliicheka. "Uchi wake," akasema. "Methali haisemi uchi wa jirani."

*

Hapo ningeweza kuhitimisha kwa kanuni nzuri: andika juu ya wenye nguvu bila ruhusa, juu ya wanyonge kwa ruhusa. Lakini kanuni hiyo inavuja, na afadhali nionyeshe inapovujia.

Kwanza, ridhaa ya mtu aliyekulea ni kitu dhaifu. Mama mdogo alikubali haraka mno. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kuninyima kitu alichokuwa nacho, na baadhi ya alivyonipa hakuwa navyo. Ningemwomba figo angeuliza hospitali gani. Nikimwomba maisha yake niyaandike, atasema chukua, na mimi nitarudi chuoni nikijidai nina ruhusa. Fomu ya ridhaa inasema mtafitiwa asiwe chini ya shinikizo lolote. Upendo haumo kwenye fomu, lakini ni shinikizo.

Pili, hakuna kisa chenye mwenyewe mmoja. Mama mdogo alilijua hili kabla yangu. Deni lilikuwa lake, lakini lilifungwa pamoja na madeni ya wengine wanne, na huwezi kulisimulia moja bila kuvuta mengine. Maisha ya watu wa uswahilini yamejengwa hivyo: ukuta mmoja, choo kimoja, bomba moja, mchezo mmoja wa upatu. Ukisema "kisa changu," tayari umeingia chumba cha mtu.

Tatu, niliwaza nigeuze yote kuwa hadithi ya kubuni. Niihamishie Tanga, jirani awe mwanamume, mkopo uwe wa boti. Wengi wakubwa wamefanya hivyo na wametupa kazi kubwa. Lakini kwangu, wakati ule, ingekuwa njia ya kukwepa. Nilitaka bado wale watu wasifu ujasiri wangu wa kusema kweli, na nilitaka pia nisiwajibike kwa mtu yeyote kwa sababu ni kubuni tu. Huwezi kuvaa kofia zote mbili. Na pazia la kubuni hulificha jina tu. Jirani yangu angejitambua hata kama ningempa ndevu.

Kuna methali nyingine nimekuwa nikiifikiria: siri ya mtungi aijuaye kata. Tunaitumia kusema kwamba aliye ndani ndiye ajuaye. Mtoto aliyelelewa ni kata. Ametumbukizwa mtungini kila siku, anajua maji yako wapi, anajua chini kuna tope. Methali inasema kata inajua. Haisemi inatangaza. Lakini pia haisemi ikae kimya. Kazi ya kata ni kutoa maji yaliyomo ili watu wanywe, na ikichovywa kwa pupa huvuruga tope.

*

Kwa hiyo nilifanya nini? Nilianza na simu. Namba ya jirani yetu wa zamani mama mdogo alikuwa nayo, imeandikwa kwa penseli kwenye jalada la daftari la upatu. Haikuwa ikitumika tena. Tukauliza kwa fundi cherehani, ambaye hujua waliohama wote, akasema alisikia amekwenda kwao, kusini. Kwao kusini wapi, hakujua. Nilikuwa na siku nne.

Nikamwandikia mhariri kwamba naondoa aya tatu na sentensi ya kulia. Alinijibu kwa upole. Alisema anaheshimu uamuzi wangu, ila nifahamu kwamba ninachoondoa ni moyo wa insha, na kwamba kilichobaki ni kizuri tu. Neno *tu* lile lilinikaa wiki nzima. Kwa miaka mitatu nilikuwa nasubiri mtu wa jarida aniambie kazi yangu ina moyo, na alipofika kuniambia nikautoa mwenyewe.

Mahali pa chozi niliweka mchele. Niliandika kile alichoniambia: kwamba usiku waliobeba vyombo, mama mdogo aliroweka mchele kama kila siku, kwa sababu kesho yake saa tisa usiku ilikuwa lazima aamke kusaga, na kwamba akalala. Nakiri sikuandika hivyo kwa furaha. Nililipenda lile chozi. Lilinifanya mimi niwe mtu wa huruma aliyelala nyuma ya pazia akisikia yote. Ule mchele haunihusu hata kidogo, ni wake. Baadaye nikaanza kuona kwamba kwa miaka saba nilikuwa namkumbuka mwanamke ambaye hakuwapo, mwanamke anayelia kwa sababu yangu, na yule aliyekuwapo kweli, mwenye wateja asubuhi, nilikuwa sijamwona.

Lakini sitaki kudai kwamba ukweli ulinilipa. Insha ilitoka, ikasomwa na watu kiasi, ikapita. Sijui ile nyingine ingekwenda wapi. Huenda ingefika mbali. Huenda sasa hivi ningekuwa naitwa kwenye matamasha kuzungumzia ujasiri. Mtu anayekwambia kwamba ukifanya haki kazi inakuwa bora zaidi anakuuzia kitu. Mara nyingine inakuwa bora, mara nyingine unapoteza aya tatu nzuri na hupati chochote badala yake.

Jarida lilinilipa shilingi elfu themanini. Nusu nilimpelekea mama mdogo. Aliuliza ya nini, nikasema ya insha. Akaifunga kwenye pindo la khanga bila hotuba, na kesho yake alinunua mchele. Sikusikia kwamba deni limeisha. Ingekuwa ajabu kudhani hivyo; riba peke yake ingeyameza hayo. Lakini nilifurahi kwamba kwa mara moja fedha ilisafiri kuelekea upande ule.

*

Nimeeleza kwamba sitasimulia kilichomfika jirani yetu, na sijasimulia. Hata hivyo yumo humu. Msomaji makini ameshamsikia: kuna mtu alilia usiku ule ng'ambo ya ukuta, na mama mdogo anasema hakuwa yeye. Nilipokuwa naandika insha hii nilijaribu kumwondoa kabisa, nikashindwa, maana bila yeye hakuna swali. Kwa hiyo nimemwacha hivyo, bila jina, bila umbo, bila kisa, sauti tu. Hata hiyo nimeichukua. Namba yake nimeendelea kuitafuta. Nikimpata nitamsomea, na akisema ondoa, nitamwandikia mhariri mwingine barua nyingine ya aibu.

Rafiki yangu wa Jumamosi anasema nikiendelea hivi sitatoa kitabu. Huenda. Ninachoweza kusema ni kwamba swali letu la chini ya mti, mtu anakuwa mwandishi lini, halinisumbui tena kwa namna ile. Nilipopokea barua ya kukubaliwa nilidhani nimefika. Sasa nikitazama nyuma naona siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ile ya kigodani, niliposhusha simu, nikamwangalia mtu niliyekuwa nimemwandika, na yeye akaniambia nimekosea.

Insha hii nayo nimemsomea. Alikuwa amechoka, amejinyoosha mkekani, miguu juu ya ndoo. Mahali pa figo alicheka. Mahali pa jirani alinyamaza, na sikumuuliza. Nilipomaliza nikamwuliza kama kuna la kurekebisha, akasema lipo.

"Hapo kwenye vitumbua umeandika mia."

Nikamwambia wakati ule vilikuwa mia.

"Watu watasoma sasa hivi, mwanangu, si wakati ule. Watakuja hapa wanadai cha mia. Andika mia mbili."

Nimeandika mia mbili.